Gofu ya kurusha sahani: Tulipima ufuo wa Ziwa Victoria, Kakamega sasa tuamke

Kakamega tuna uwanja wa gofu. Uko pale Kakamega Sports Club, mashimo 9, nyasi zimenyolewa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi. Vijana wengi wa mji huu wanaujua kwa macho tu, kwa sababu hawajawahi kukanyaga nyasi zile hata siku moja. Si kwamba kuna mtu anatufukuza. Ni vile gofu ina gharama zake: fimbo, mipira, viatu, uanachama, na mtu wa kukubebea mfuko. Ukimaliza kupiga hesabu unajipata umerudi Bukhungu kuwatazama Homeboyz, na roho imetulia.

Lakini kuna gofu nyingine, wasee, na hii haina fimbo wala mpira. Unarusha sahani ya plastiki kuelekea kapu la chuma lenye minyororo, na anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Majuu wanaiita disc golf. Mimi nitaiita gofu ya sahani, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoanza kuiita kwenye ploti na jina likakwama.

Sahani zetu zilikuja na shangazi yangu anayeishi Minnesota, jimbo la Marekani lenye maziwa mengi na viwanja vingi vya mchezo huu. Alitua nyumbani Desemba na sahani 6 kwenye sanduku, katikati ya chokoleti na viatu vya watoto. Tukaanza kuzirusha kwenye boma, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mparachichi. Kufikia Februari tulikuwa wanne tunaoshindana kila Jumamosi: mimi, binamu yangu, jamaa wa boda tunayeishi naye ploti moja, na jirani yetu, dada anayecheza voliboli na mwenye bega la kutisha.

Boma likawa dogo. Tukataka kujua mchezo huu unafanya kazi vipi kwenye uwanja mzima, wenye upepo, maji na watu. Kakamega hatuna ziwa, ila ziwa liko umbali wa kilomita 50 hivi. Basi tukaenda kulipima.

Mchezo wenyewe uko hivi

Unaanzia mahali palipowekwa alama na unarusha. Sahani inapotua, hapo ndipo unaporushia tena. Aliye mbali zaidi na kapu hutangulia, ili asiwepo mtu mbele ya mrushaji. Sahani ikitulia kapuni, shimo limeisha. Unahesabu mirusho yako na kwenda shimo linalofuata. Uwanja kamili huwa na mashimo 18, lakini 9 yanatosha kukutoa jasho.

Kanuni ni chache. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kapuni, huruhusiwi kurusha huku unaangukia mbele. Lazima uonekane umesimama imara kwanza. Sahani ikivuka mpaka, kwa mfano ikiingia majini, unaongezewa mrusho 1 wa adhabu. Ikipotea kabisa, vilevile.

Sahani hizi si zile pana za kuchezea na mbwa kwenye filamu. Upana wake ni sentimita 21 hivi, na nyingi zina uzito wa kati ya gramu 150 na 180. Yenye ukingo mwembamba inakata hewa na kwenda mbali. Yenye ukingo butu inaenda polepole na kunyooka, ndiyo ya kumalizia karibu na kapu. Kati ya hizo mbili kuna ya masafa ya wastani. Mtu anayeanza anahitaji moja tu, hii ya wastani, na mkono.

Historia yake ni ya kuvutia. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ya Marekani ilianza kuuza sahani za plastiki ambazo baadaye zilipewa jina la Frisbee. Mfanyakazi wake mmoja, Ed Headrick, aliziboresha katika miaka ya 1960 zikaanza kuruka kwa kutulia. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa katika bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni watu walilenga miti na nguzo, na kila siku ni ubishi: imegusa, haijagusa! Headrick akabuni kapu la minyororo kumaliza kesi hizo. Mwaka 1976 alianzisha PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu duniani hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki ya kutengenezea sahani, kama alivyotaka mwenyewe. Huyo alipenda kazi yake kupita kiasi.

Na ukidhani ni mchezo wa watu wasio na shughuli, mwaka 2021 bingwa wa dunia Paul McBeth alitia saini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya Discraft, thamani yake dola milioni 10. Kwa kurusha sahani.

Lakini kilichonishika mimi si dola. Ni ile bustani ya Oak Grove. Uwanja wa kwanza wa gofu ya sahani ulikuwa kwenye bustani ya umma, na hadi leo viwanja vingi duniani viko kwenye bustani na misitu ya umma, na kucheza ni bure. Huo ndio mtihani tuliobeba kwenda Kisumu: je, mchezo huu unaweza kuingia mahali ambapo watu tayari wapo, wanafanya mambo yao, bila kumwondoa mtu?

Kapu juu ya matatu

Kapu la kiwandani huko Marekani linauzwa kwa mamia ya dola, hivyo tulitafuta fundi wa jua kali hapa Kakamega. Tukamchorea kwenye gamba la sigara: bomba la kusimama, rimu ya baiskeli juu, minyororo mizee ya baiskeli ikining'inia, na karai lililotobolewa chini ya kushikia sahani. Akacheka, akauliza ni la kuanikia nini. Alitutoza shilingi 2,800 na kumaliza kazi kwa siku mbili. Sahani ikipiga ile minyororo, inalia kama sarafu kwenye kopo la kanisa. Ni sauti tamu, unataka kuisikia tena.

Kapu moja halitoshi mashimo 9. Kwa hayo mengine 8 tulibeba magunia meupe na kamba ya katani, tufunge kwenye miti na nguzo kama walivyofanya kina Headrick zamani. Gunia likiguswa, shimo limeisha.

Saa 12 asubuhi tulikuwa stejini. Kondakta alilitazama kapu letu, akalizunguka, akalitoza nauli ya mbuzi. Tukapita Ilesi kwenye lile jiwe linalolia, tukapita Khayega na Sigalagala, tukaingia Vihiga: Chavakali, Mbale, Majengo. Ukishapita Kiboswa barabara inateremka, joto linapanda, na ziwa linajitokeza mbele yako limelala kama bati jipya.

Tulienda upande wa Dunga, nje kidogo ya mji, kwenye kipande cha ufuo kilicho wazi: nyasi fupi zilizoliwa na ng'ombe, miti michache, mafunjo kando ya maji, na shughuli za samaki upande mmoja. Kabla ya kufunga gunia lolote tulienda kwa kamati ya ufuo, ile inayojulikana kama BMU. Fuo za wavuvi nchini zina kamati hizi, na ndizo zinazojua nani anatumia nini pale. Mzee mmoja alitusikiliza hadi mwisho, akaishika sahani, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. Kisha akatupa masharti matatu: tusiingie majini, tusirushe upande wa mashua, na tukiambiwa tusimame, tusimame. Tukakubali yote.

Upepo ndio mwalimu

Shimo la 1 lilikuwa hatua 70, limenyooka, kati ya miti miwili. Asubuhi hewa imetulia. Wote wanne tulimaliza kwa mirusho 3, tukaanza kujiona wataalamu.

Shimo la 2 tulilielekeza juu kidogo, mbali na maji. Bado raha. Kufikia shimo la 3 ndipo ziwa lilipotuonyesha lina tabia gani.

Sikiliza, kwa sababu hii ndiyo siri ya kila uwanja ulio kando ya maji. Mtu wa mkono wa kulia akirusha kawaida, kwa kuvuta mkono kutoka kifuani, sahani inapopungua kasi huishia kushoto. Ni mzunguko wake tu. Kwa hivyo ukiweka maji upande wa kushoto, kila mrusho mzuri unaishia kuyachungulia maji. Shimo letu la 3 lilikuwa hivyo hasa: hatua 85 kando ya ufuo, maji kushoto. Binamu alirusha kitu safi kabisa, tukaanza kumpongeza, sahani ikapinda taratibu kama mtu anayekumbuka ameacha jiko likiwaka, ikatua hatua mbili kutoka kwenye maji. Jirani wa voliboli aliliona hilo. Akalenga kulia kabisa, tukadhani amechanganyikiwa, sahani ikarudi yenyewe na kutua katikati ya njia.

Halafu jua linapopanda, nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, na upepo unaanza kuvuma kutoka majini kuelekea bara. Watu wa Kisumu wanaujua huu upepo wa mchana kama wanavyojua majina ya watoto wao. Kwenye gofu ya sahani unabadilisha kila kitu. Ukirusha dhidi ya upepo, sahani inaona kana kwamba imerushwa kwa kasi zaidi: inainuka na kugeukia kulia. Ukirusha upepo ukiwa mgongoni, inapoteza nguvu ya kuelea na kuanguka mapema. Saa 3 asubuhi shimo la 5 lilikuwa rahisi. Saa 7 mchana, kwenye raundi ya pili, lilikuwa shimo jingine kabisa, na hatukuwa tumesogeza hata gunia.

Kwangu mimi hii ndiyo sifa kubwa ya uwanja wa kando ya ziwa. Hauchoshi. Huhitaji kuchimba mashimo ya mchanga wala kupanda miti ya kuzuia. Upepo unakujengea uwanja mpya kila baada ya saa chache, na hautozi chochote.

Maji si ya kuchezea

Sasa upande wa pili wa shilingi. Sahani nyingi za gofu huzama. Zipo chache zinazoelea, zimetengenezwa kwa plastiki nyepesi, lakini zetu hazikuwa za aina hiyo. Na hata ukiiona sahani yako pale, futi mbili tu majini, inakukonyeza, usiifuate.

Sababu ya kwanza ni kichocho. Vijidudu vyake huishi kwenye konokono wa maji ya kina kifupi kando ya ziwa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hutahisi kitu siku hiyo. Sahani inanunulika tena. Ini na kibofu havinunuliki.

Sababu ya pili ni kiboko. Ghuba hii ina viboko, na inafahamika kote. Kuna kisa kinachosimuliwa sana na wachezaji gofu duniani kuhusu Nyanza Club ya hapa Kisumu, kwamba katika miaka ya 1950 kanuni zake ziliruhusu mchezaji ambaye mpira wake umetua karibu na kiboko au mamba kuweka mpira mwingine mahali salama bila adhabu. Sisi tuliichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Hatukuihitaji siku ile, lakini mafunjo yalipotikisika kwenye shimo la 6 watu wanne walikumbuka ghafla kwamba wana kiu na maji ya kunywa yako upande ule mwingine. Alikuwa ng'ombe.

Sababu ya tatu ni gugumaji. Upepo ukilisukuma kwenye ukingo, linajipanga likawa kijani kizuri, unaapa ni nyasi. Sahani ya jamaa wa boda ilitua juu yake ikakaa, kavu kabisa, inang'aa. Akapiga hatua moja kuifuata na mvuvi mmoja akapaza sauti kutoka mbali. Chini ya lile zulia ni maji, na mizizi yake inashika miguu. Sahani ile bado iko kule ziwani. Tulimwimbia wimbo wa maombolezo, tukaendelea.

Na kuna jambo la nne, kwa yeyote atakayetaka kuweka makapu ya kudumu ufuoni. Ziwa hili husogea. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa, yakaingia kwenye nyumba, mashamba na hoteli za kando yake. Wenyeji wanaweza kukuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi. Kapu lolote la kusimikwa kwa saruji likae juu ya alama hiyo, si chini yake.

Omena kwenye njia ya shimo la 4

Mashimo tuliyapanga kwa macho, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Shimo la 4 lilikuwa langu na nilijivunia: hatua 60, linakatiza uwanda ulio tambarare hadi kwenye nguzo moja nzee. Tulipolifikia, uwanda wote ulikuwa umetandazwa nyavu, na juu ya nyavu omena, fedha tupu, zinakauka juani. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni chini ya mwavuli.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, "hicho kisahani kikitua kwenye omena yangu, utainunua yote."

"Sawa mama. Tunahama."

"Hamieni kule. Kule hakuna mtu."

Na kweli, kule hakukuwa na mtu. Tulilizungusha shimo la 4 likapita nyuma yake, likawa hatua 50 na kona moja, na kusema ukweli likawa shimo bora kuliko lile la kwanza. Kazi yote ilichukua dakika 3: kufungua gunia, kutembea, kufunga gunia. Shimo la 7 tulilihamisha vilevile walipokuja kina mama kufua. Shimo la 8 tulilisimamisha robo saa ng'ombe wapite, kwa sababu sahani ya gramu 175 ikija kwa kasi inaumiza, ng'ombe ama mtu, na kanuni ya kwanza ya mchezo huu popote duniani ni kwamba hurushi hadi njia iwe wazi.

Hapo ndipo niliposhika nilichokwenda kutafuta. Jaribu kuhamisha shimo la gofu ya kawaida kwa sababu mama ameanika omena. Haiwezekani. Nyasi zile zimepandwa, zinamwagiliwa maji, zinakatwa, zinalindwa; mwisho wake ni uzio na geti na mlinzi. Hata mpira wa miguu unataka kipande chote kiwe chako kwa dakika 90. Gofu ya sahani inataka njia, sehemu ya kusimama, na kitu cha kulenga. Inaweza kumpisha mtu.

Hili kwangu si jambo dogo. Mimi niliacha chuo, kadi ya mwanafunzi sina, na nimejifunza haraka jinsi mji unavyojifunga ukishakosa kadi. Viwanja vizuri viko ndani ya taasisi. Ukifika getini unaulizwa wewe ni nani na unaenda kwa nani. Huna jibu, unageuka. Vijana wengi wa umri wangu hapa Kakamega wako hivyo: si wanafunzi, si wanachama wa klabu, hawana kocha. Wana Jumamosi nzima na hawana mahali pa kuiweka.

Na ufuo nao unamegwa. Katiba ya 2010, kwenye Kifungu cha 62, inaweka mito na maziwa kwenye orodha ya ardhi ya umma. Lakini tembea kando ya maji popote uone ni mita ngapi utaenda kabla ya kugonga ukuta wa mtu. Ndio maana yule mzee wa BMU alitutazama vile mwanzoni. Mtu akifika ufuoni na kitu cha kupimia, mwenyeji ana haki ya kuuliza unapima kwa ajili ya nani.

Kufikia raundi ya pili watoto walikuwa wameshajiunga. Dogo mmoja wa kama miaka 10, miguu mitupu, alirusha mara tatu vibaya, ya nne ikagonga minyororo ya kapu letu la shimo la 9, pale karibu na wakaanga samaki. Shangwe iliyopigwa hapo, ungedhani Gor wamefunga dakika ya 90.

Alama zetu

Jirani wa voliboli alishinda kwa mirusho 31 kwenye mashimo 9, ambayo lengo lake lilikuwa 27. Mimi 36. Jamaa wa boda anadai hesabu yake ihesabiwe bila shimo la 6. Uwanja wenyewe tuliupa alama hivi, kila kipengele juu ya 10.

Upepo na changamoto: 9. Uwanja haufanani asubuhi na mchana, na maji ya kushoto yanakufunza adabu.

Ardhi: 7. Nyasi fupi, miti michache ya kulenga, ila mvua ikinyesha sehemu za chini zitakuwa tope.

Usalama: 5. Kichocho, gugumaji na kiboko si mzaha. Mashimo ya kudumu yakae hatua 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na maji yawe mpaka rasmi ili mtu asishawishike kuingia.

Gharama: 9. Tukitoa nauli na samaki tuliokula, tulitumia kapu moja, magunia na kamba.

Kuishi na watu: 8, na mbili zilizopungua ni za kwetu sisi wachezaji, si za ufuo. Mchezo huu unahitaji mtu wa kuangalia njia kila mara. Siku kukiwa na umati, acha kabisa, nenda ukale mbuta.

Sasa Kakamega

Hatuhitaji ziwa ili kucheza. Bustani ya Muliro ina miti na kivuli, iko katikati ya mji, na mapema asubuhi ina nafasi. Mashimo 6 mafupi, hatua 30 au 40 kila moja, sahani butu tu zisizoenda mbali, na hakuna atakayesumbuliwa kwenye benchi lake, hata wale wapenzi waliolifanya jina la bustani hiyo lijulikane nchi nzima. Viwanja vya shule za msingi hukaa vitupu Jumamosi. Mwalimu mkuu akiombwa vizuri anaweza kukubali. Msitu wa Kakamega tuuache. Ule ni hifadhi, miti yake haikuwekwa pale igongwe na plastiki.

Kitu kimoja tu kinatofautiana na Kisumu: ratiba. Hapa mvua ya alasiri haibishi hodi, na inakuja na radi. Kusimama uwanjani wazi kando ya bomba la chuma wakati huo ni kujitafutia. Anza saa 1, saa 6 uwe umemaliza.

Tena mchezo wa bila ukuta si mgeni kwetu. Fahali wakipigana Khayega au Malinya, umati wenyewe ndio uwanja: unasogea wakisogea, unafunguka wakija mbio. Tunajua kupisha.

Kaunti ikitaka kusaidia, haihitaji mamilioni wala utepe wa kukatwa. Makapu 9 kwa bei ya fundi wetu ni shilingi 25,200. Vyuo vya ufundi vya kaunti vina wanafunzi wa kuchomelea wanaotafuta kazi ya kujifunzia. Wapewe mabomba na rimu. Ombi langu ni moja tu: makapu yakishawekwa, msije na uzio. Uzio ukija, geti litafuata, na geti likija tutaulizwa tena sisi ni kina nani.

Kwa sasa, kama uko Kakamega na una Jumamosi, huhitaji kungoja kapu wala shangazi wa Minnesota. Tafuta sahani yoyote ngumu ya kurusha, funga gunia kwenye mti, hesabu hatua 40, uangalie kama njia iko wazi. Sisi tuko watano sasa na tuna sahani 5, kwa hivyo ukija na yako utakaribishwa haraka zaidi. Na kama mkono wako wa kulia unavuta kushoto, lenga kulia. Itarudi.